Kapteni Wilson na bombomu za Observation Hill

SWALI: Nimesikia habari za afisa kijana wa Kiingereza aliyepigana Somaliland mwaka 1940 akiwa na askari wa Kisomali. Inasemekana alitangazwa kuwa amekufa, akapewa Msalaba wa Victoria, kisha akaonekana yu hai katika kambi ya mateka, na baadaye akaja kufanya kazi Tanganyika. Je, ni kweli? Alifanya nini hasa hata apewe nishani kubwa kiasi hicho? Na kwa nini apewe yeye, wasipewe Wasomali waliokuwa naye?

JIBU: Ni kweli, tangu mwanzo hadi mwisho. Afisa huyo ni Eric Charles Twelves Wilson, aliyekuwa na umri wa miaka 27 alipopigana kwenye pengo la Tug Argan kuanzia tarehe 11 hadi 15 Agosti 1940. Swali lako la tatu ndilo zito kuliko yote, na watu wengi hulijibu harakaharaka. Nitalifikia, lakini ni lazima kwanza tujue nini kilitendeka juu ya kile kilima cha Observation Hill, na bunduki moja ya rashasha, ile ambayo askari waliiita bombomu, ilihitaji mikono mingapi ili iendelee kulia.

Wilson alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1912 mjini Sandown, katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi. Alisoma shule ya Marlborough, akaenda chuo cha kijeshi cha Sandhurst, na mwaka 1933 akapata cheo cha afisa katika rejimenti ya East Surrey. Alikuwa akivaa miwani, jambo ambalo si dogo kwa mtu ambaye kazi yake ya baadaye ingekuwa kulenga shabaha za mbali. Mwaka 1937 aliazimwa kwa Keya, yaani King's African Rifles, akapangiwa kikosi cha Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Mwaka 1939 alihamishiwa Kikosi cha Ngamia cha Somaliland.

Ule utaratibu wa kuazimwa unaeleza mengi. Afisa aliyetoka kwenye rejimenti ya Uingereza hakuwa mwenyeji wa kikosi cha Kiafrika. Alikuja kwa muhula, na huku cheo chake halisi kikibaki kwenye rejimenti ya nyumbani, alipewa cheo cha muda cha kumwezesha kuongoza. Ndiyo maana kwenye tangazo la nishani Wilson ameandikwa kuwa ni Luteni mwenye cheo cha muda cha Kapteni, wa East Surrey, aliyeambatanishwa na Kikosi cha Ngamia. Ukikuta mahali ameitwa Luteni na pengine Kapteni, hakuna kosa. Afisa wa namna hii pia hakuweza kufanya kazi bila lugha ya askari wake. Wilson alikuwa mwepesi wa lugha za Kiafrika, na kipaji hicho ndicho kilichomrudisha Afrika mara kwa mara kwa zaidi ya miaka ishirini.

Sasa tuje kwenye vita vyenyewe. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Mpango wa kulinda Somaliland ya Kiingereza ulitegemea Wafaransa waliokuwa Djibouti, lakini Ufaransa ilipoanguka mwezi huohuo, tegemeo hilo lilikufa nalo. Tarehe 3 Agosti Waitaliano, chini ya Jenerali Guglielmo Nasi, walivuka mpaka kwa safu tatu: moja upande wa Zeila, moja upande wa Odweina, na ile kubwa ya katikati ikapitia Hargeisa kuelekea bandari ya Berbera. Walikuwa zaidi ya watu 20,000, wengi wao askari wa Kiafrika wa makoloni ya Italia, wakiwa na mizinga, vifaru na ndege. Waingereza walikuwa na watu wapatao 4,000 na ushei: kikosi cha Northern Rhodesia (Zambia ya leo), kikosi cha Keya cha Nyasaland, vikosi viwili vya Punjab kutoka India, Kikosi cha Ngamia, na mwishoni kikosi cha Waskoti cha Black Watch. Mizinga yao yote ilikuwa minne midogo ya milimani, ya inchi 3.7. Silaha za kudungulia ndege zilikuwa kama hakuna.

Ukiitazama ramani utaelewa kwa nini Tug Argan. Barabara kutoka Hargeisa kwenda Berbera inapenya kwenye safu ya vilima vya Assa, na pengo hilo lina mto mkavu na vilima vilivyosimama kimoja kimoja pande zote. Waingereza walivipa majina yao: Black Hill, Knobbly Hill, Mill Hill, Observation Hill, Castle Hill. Kikosi cha Northern Rhodesia kiliwekwa juu ya vilima hivyo, na bombomu za Kikosi cha Ngamia zikagawanywa humo. Udhaifu wa mpangilio huo ulionekana tangu mwanzo. Kilima kilikuwa mbali na kilima, na adui angeweza kupenya katikati wakati wa usiku. Kitu pekee kilichoweza kuviunganisha wakati wa mchana ni risasi za bombomu zikivuka bonde kutoka kilima kimoja kwenda kingine. Aliyeshika Observation Hill aliweza kuwapiga wanaopanda Mill Hill. Hapo ndipo umuhimu wa Wilson na watu wake ulipolala, na ndiyo sababu Waitaliano waliwakazania hivyo.

Bunduki aliyotumia ni Vickers. Ni silaha ya zamani, iliyoanza kutumika katika jeshi la Uingereza mwaka 1912, na haifanani na bunduki nyepesi za rashasha ambazo mtu mmoja huzibeba begani. Bunduki yenyewe ina uzito wa kilo 15 hivi ikiwa kavu, maji yake ni kama lita 4, na miguu mitatu inayoishikilia ina kilo zaidi ya 20. Ukivijumlisha, ni zaidi ya kilo 40 kabla hujaweka risasi hata moja. Timu kamili ni watu sita. Wa kwanza anafyatua, wa pili analisha ukanda wa risasi kutoka upande wa kulia, na wengine wanaleta risasi, wanaleta maji, wanapima umbali, na kushika nafasi ya aliyeanguka.

Ukanda wa Vickers ulikuwa wa kitambaa, wenye risasi 250 za kipenyo cha inchi .303. Bunduki hutoa risasi 450 hadi 500 kwa dakika ikiachiwa mfululizo, maana yake ukanda mzima unakwisha kwa nusu dakika. Hakuna mpigaji mzuri aliyefanya hivyo. Hufyatua kwa vipande vifupi, akatulia, akasahihisha, akafyatua tena, ili risasi zitoshe na mtutu usiungue. Mtutu umezungukwa na pipa la maji, na maji hayo huanza kuchemka baada ya risasi kama 600. Mvuke hupita kwenye mpira hadi kwenye kopo lililowekwa chini, ukapoa na kuwa maji tena, na maji hayo hurudishwa kwenye pipa. Mpira ukichomoka, hasara ni mbili kwa mpigo: maji yanapotea, na wingu jeupe linamwonyesha adui mahali bunduki ilipo. Baada ya risasi kama 10,000 mtutu umelika, risasi zinatawanyika, na ni lazima ubadilishwe.

Weka hayo yote juu ya kilima cha mawe katika Somaliland ya mwezi Agosti, wakati pepo kali za joto zinapuliza vumbi kutwa nzima. Maji ya bunduki ni maji yaleyale ambayo watu wangekunywa, na kila lita ilibidi ipandishwe kilimani. Vumbi linaingia kwenye ukanda wa kitambaa, risasi inakaa upande, bunduki inakwama. Mpigaji aliyefunzwa hutazama mahali mkono wa chuma ulio pembeni mwa bunduki uliposimama, kwa sababu nafasi ya mkono huo humwambia aina ya mkwamo. Ukisimama wima kuna tatizo moja, ukisimama karibu na mwisho kuna jingine, na kila nafasi ina dawa yake. Hiyo ni kazi ya sekunde chache kwa timu iliyozoeana, na ni balaa kwa timu ambayo watu wake wawili wamekwisha kulala chini.

Shambulio lilianza tarehe 11 Agosti. Observation Hill ilishambuliwa, na Wilson na wapigaji wake wa Kisomali wakalirudisha nyuma shambulio hilo. Kisha wakageuza moto kwa askari waliokuwa wakiishambulia Mill Hill, iliyokuwa ndani ya masafa yao, wakawaumiza vibaya. Waitaliano wakaamua kwamba bombomu hizo lazima zinyamazishwe. Walileta mizinga midogo ya kubebwa na wanyama hadi yadi 700, yaani kama mita 640, wakapiga moja kwa moja kwenye matundu ya kufyatulia. Makombora mawili yaliingia ndani ya kituo na kulipukia humo.

Kupeleka mizinga karibu kiasi hicho ni kitendo cha kuhatarisha watu wake wenyewe, maana mita 640 ni umbali ambao bombomu inaweza kuwafagia wapiga mizinga bila taabu. Kama Waitaliano walikubali hatari hiyo, ni kwa sababu hasara waliyokuwa wakiipata ilikuwa kubwa zaidi. Nakuomba uizingatie hoja hiyo, kwani ni ushahidi kutoka upande wa adui kwamba bunduki zile zilikuwa zikifanya kazi yake, na haitegemei sifa zozote zilizoandikwa baadaye na wakubwa wa Wilson.

Wilson alijeruhiwa vibaya kwenye bega la kulia na kwenye jicho la kushoto. Baadhi ya watu wake walijeruhiwa pia, na sajini wake, Omar Kujoog, aliuawa kando yake. Bunduki ziliruka kutoka kwenye miguu yake. Wilson alizitengeneza, akazirudisha mahali pake, na moto ukaendelea.

Sentensi hiyo ya mwisho ni fupi kwenye tangazo la nishani, lakini ndiyo kiini cha jambo zima. Vickers iliyorushwa na mlipuko inaweza kuharibika kwa njia kadhaa. Pini zinazoishikilia kwenye miguu zinaweza kupinda. Kipande cha kombora kinaweza kutoboa pipa la maji, na hapo tundu lazima lizibwe, la sivyo baada ya mikanda michache mtutu unakuwa mwekundu na kuharibika kabisa. Ukanda unaweza kuwa umechanika na mdomo wa kulishia kujaa mchanga. Halafu, hata bunduki ikiwa nzima, ikirudishwa kwenye miguu bila kulengwa upya inapiga hewa tu. Mtu aliyefanya kazi hiyo alikuwa na bega moja lisiloinuka na jicho moja lisiloona, ndani ya kibanda cha mawe chenye maiti na majeruhi. Na bunduki iliporudi mahali pake, alihitajika mtu wa kulisha ukanda. Mtu huyo alikuwa Msomali, na naye alikuwa ametoka kwenye mlipuko uleule.

Tarehe 12 Agosti Mill Hill ilitekwa. Siku hiyo, na tena tarehe 14, mizinga ya Kiitaliano ilielekezwa kwa nguvu kwenye bombomu za Wilson, naye akaendelea kupiga huku majeraha yake hayajatibiwa. Tarehe 15 vituo vyake viwili vilisambaratishwa kabisa. Kufikia hapo alikuwa pia ameshikwa na malaria. Kituo chake mwenyewe kiliendelea kupiga hadi saa 11 jioni ya siku hiyo, adui alipokifunika.

Meja Jenerali Godwin-Austen, aliyekuwa amefika tarehe 11 kuchukua uongozi, alikuwa ameona kwamba pengo haliwezi kushikiliwa tena. Aliomba ruhusa makao makuu ya Cairo, akaipata, na majeshi yakaanza kurudi nyuma. Black Watch walizuia njia huko Barkasan tarehe 17, na Waitaliano waliingia Berbera tarehe 19 wakakuta majeshi yamekwisha kupanda meli kwenda Aden. Askari wa Kikosi cha Ngamia walipewa hiari: kuondoka na meli au kubaki nchini mwao. Wengi walibaki na bunduki zao. Waingereza waliporudi Berbera kwa meli tarehe 16 Machi 1941, wengi wa watu hao walijitokeza tena.

Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, hakufurahishwa na habari hizo. Upande wake ulikuwa umepoteza watu 260 kwa jumla, kati yao waliokufa wakiwa 38, akaona hiyo ni dalili kwamba hawakupigana vya kutosha. Jenerali Wavell, kamanda mkuu wa Mashariki ya Kati, alimjibu kwamba wingi wa maiti si uthibitisho wa mbinu nzuri za vita, jibu ambalo lilimkera Churchill kwa muda mrefu. Hasara ya Waitaliano ilikuwa zaidi ya watu 2,000, na sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitokana na siku zile nne tano za Tug Argan.

Kwa nini walidhani Wilson amekufa? Kituo kilichofunikwa na adui jioni, kikosi kinachorudi nyuma usiku uleule, na nchi nzima kuachwa siku nne baadaye: hakukuwa na nafasi ya mtu kurudi kilimani kuhesabu miili. Waliotoka wakiwa hai walisema walichokiona, nacho ni kituo kikipiga hadi mwisho kisha kimya. Kwa msingi huo tangazo liliandikwa na kuchapishwa katika gazeti rasmi la serikali, London Gazette, la tarehe 14 Oktoba 1940, likisema waziwazi kwamba aliuawa akipigana. Ukweli ni kwamba alikuwa ametekwa. Waitaliano walimpeleka kambi ya mateka ya Adi Ugri, mji wa Eritrea ambao leo unaitwa Mendefera. Akiwa humo ndipo mateka mwingine, afisa wa jeshi la anga aliyetekwa baadaye, alimweleza kwamba nchini Uingereza amepewa Msalaba wa Victoria na kuhesabiwa marehemu. Mateka walikuwa wakichimba njia ya chini kwa chini ya kutorokea, lakini kabla hawajaitumia Eritrea ikaanguka mikononi mwa Waingereza. Keren ilitekwa mwishoni mwa Machi 1941, Asmara tarehe 1 Aprili, nao wakawa huru.

Msomaji anaweza kuuliza kama nishani hiyo haikupaswa kutazamwa upya. Hapana. Msalaba wa Victoria, uliowekwa mwaka 1856, hutolewa kwa kitendo cha ushujaa mbele ya adui, na kufa si sharti lake. Kilichobadilika ni neno moja la habari, kitendo kilibaki vilevile. Mfalme George wa Sita alimkabidhi msalaba huo mkononi mwezi Julai 1942.

Hata hivyo ile dhana ya kifo ina jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona. Kwa kanuni za Uingereza za wakati ule, na hadi mwaka 1979, aliyekufa vitani aliweza kupewa mambo mawili tu kwa ushujaa mbele ya adui: Msalaba wa Victoria, au kutajwa kwa heshima katika ripoti ya jenerali. Nishani zote za katikati, kama Msalaba wa Kijeshi na DSO (Distinguished Service Order) kwa maafisa, au DCM (Distinguished Conduct Medal) na Nishani ya Kijeshi kwa askari na masajini, zilikuwa za walio hai peke yao. Wakubwa wa Wilson, wakiamini amekufa, walikuwa na chaguo la kilele au la chini, hakuna ngazi kati yake. Sisemi kwamba alipewa asichostahili. Siku tano na majeraha yale, mbele ya mizinga, zinasimama sawa na matendo mengine yoyote yaliyopata msalaba huo. Nasema tu kwamba mlango ulikuwa mmoja.

Na sasa swali lako la tatu. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyomfungia Sajini Omar Kujoog. Kwa kuwa alikufa, DCM haikuwezekana tena, wala Nishani ya Kijeshi. Kwake pia ilibaki ama msalaba ama kutajwa kwenye ripoti. Msalaba wa Victoria haukuwa umezuiwa kwa rangi kwenye karatasi: askari wa jeshi la India waliruhusiwa tangu mwaka 1911 na waliupata kwa wingi, na kabla yao wanajeshi weusi wa West Indies walikuwa wameupata huko Gambia, Samuel Hodge mwaka 1866 na William Gordon mwaka 1892. Lakini katika vita vya pili vya dunia hakuna hata askari mmoja mweusi wa vikosi vya kikoloni vya Afrika Mashariki aliyeupata. Keya ilipata msalaba mmoja, wa Sajini Nigel Leakey, Mzungu mzaliwa wa Kenya, aliyeuawa huko Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941 baada ya kuruka juu ya kifaru cha Kiitaliano. Tangazo lake lilitoka Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baadaye.

Sababu, kwa maoni yangu, inaanzia kwenye namna pendekezo la nishani linavyozaliwa. Lazima afisa aandike. Lazima kuwe na mashahidi walioona kwa macho, na kwa kawaida walitakiwa watatu, maelezo yao yakiwa yametiwa saini. Karatasi inapanda kutoka kikosi hadi brigedi, divisheni, makao makuu ya Cairo, kisha London, na kila ngazi inaweza kuikata au kuishusha. Askari wa Kisomali hakuwa na mtu wa kumwandikia isipokuwa afisa wake, na afisa wa watu wa Observation Hill alikuwa mwenyewe kwenye orodha ya waliokufa. Walioshuhudia kazi ya wapigaji wale ni wapigaji wenzao, ambao walitawanyika na bunduki zao kwenda makwao wiki ileile. Tangazo la Wilson linawataja Wasomali waziwazi, tena zaidi ya mara moja, lakini kwa jumla: wapigaji wa Kisomali, sajini wake wa Kisomali, timu yake. Halina jina hata moja la kwao. Huo ni upungufu wa kweli. Vickers haikupigwa na mtu mmoja siku tano mfululizo, na aliyeandika tangazo alilijua hilo vizuri kuliko sisi.

Wilson hakustarehe baada ya kutoka kambini. Alikuwa msaidizi mkuu wa ofisi ya kamanda katika kikosi cha doria za mbali jangwani, Long Range Desert Group, huko Afrika Kaskazini. Kisha akaenda Burma akiwa naibu kamanda wa kikosi cha 11 cha Keya, cha Kenya, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo ndiyo iliyoteremka bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika ya huko na kuingia Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwanzoni mwa Desemba 1944. Maradhi yaliwaangusha watu kule pamoja na risasi. Wilson alishikwa na homa ya tifasi ya vichakani, inayoletwa na utitiri mdogo wa kwenye nyasi, na wakati huo haikuwa na dawa ya kuiua. Mgonjwa aliuguzwa tu mpaka mwili ushinde au ushindwe. Alilazwa hospitali miezi miwili, akarudishwa Afrika Mashariki kuongoza kituo cha mafunzo ya askari wa miguu huko Jinja, Uganda. Mwaka 1946 aliazimwa tena, safari hii kwa rejimenti ya Northern Rhodesia, ndiyo ile iliyoshika vilima vya Tug Argan.

Aliacha jeshi mwaka 1949 akiwa Luteni Kanali, akajiunga na utawala wa Tanganyika, akabaki huko hadi uhuru wa mwaka 1961. Kwa hiyo waliokuambia kwamba aliishi Tanganyika hawakukosea. Aliporudi Uingereza alifanya kazi London House, nyumba ya wanafunzi wa shahada za juu kutoka nchi za Jumuiya ya Madola, kwanza kama naibu kisha kama mkuu wake kuanzia 1966 hadi 1977. Katika miaka ya sabini alikuwa pia katibu wa heshima wa chama cha urafiki wa Waingereza na Wasomali, Anglo-Somali Society. Alifariki tarehe 23 Desemba 2008, akiwa na miaka 96, miaka 68 baada ya gazeti la serikali kuchapisha kifo chake.

Ukitaka kuendelea kuchunguza, anza na tangazo lenyewe la tarehe 14 Oktoba 1940. Linapatikana kwenye kumbukumbu za London Gazette mtandaoni bila malipo. Lisome ukijua kwamba mstari wake wa mwisho si sahihi, kisha angalia kila taarifa ya baadaye unayoikuta kama imenakili mstari huo. Jihadhari pia na majina: katika vita hivyohivyo kulikuwa na Wilson mwingine, Jenerali Henry Maitland Wilson, ndiye aliyekuwa Cairo akitoa ruhusa ya kurudi nyuma, na wapo wanaowachanganya. Usichanganye pia Somaliland ya Kiingereza na ile ya Italia iliyokuwa na makao yake Mogadishu, kwani mwaka 1940 nchi hizo zilikuwa pande mbili za vita.

Kama unatafuta majina ya askari wa Kisomali, nenda kwenye daftari la Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, nalo pia liko mtandaoni. Usitafute kwa jina kwanza. Makarani waliandika majina ya Kisomali kwa kadiri walivyoyasikia, Omar anaweza kuwa Umar, na jina la babu linaweza kukaa mahali pa jina la ukoo. Tafuta kwa kikosi, Somaliland Camel Corps, weka kipindi cha Agosti 1940, kisha soma orodha yote uliyopewa, jina baada ya jina.